Kamba Mkononi: Sayansi ya Kutembea na Mbwa

Miongoni mwa wanyama wote wafugwao na binadamu, mbwa ndiye aliyetangulia. Wataalamu wanakubaliana kwamba asili yake ni mbwamwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, na kwamba alianza kuishi na watu si chini ya miaka 15,000 iliyopita, yaani kabla ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Katika Afrika ya Mashariki mbwa hulinda maboma, huwafuata wachungaji malishoni, na huwaamsha wenye nyumba mwizi anapokaribia. Hata hivyo, mnyama huyu tuliyekaa naye muda mrefu kiasi hicho bado haeleweki vema kwa wengi wanaomfuga.

Katika vijiji na miji yetu ziko desturi mbili zilizoenea. Ya kwanza ni kumwacha mbwa azurure apendako, kisha arudi jioni kula makombo. Ya pili ni kumfunga mnyororo mchana kutwa na kumfungua usiku watu wanapolala. Desturi ya tatu, yaani kumtembeza mbwa huku mwenyewe ameshika kamba, hudhaniwa na wengi kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi huko mijini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Kamba ishikwayo mkononi ni chombo cha afya ya jamii, na mwanafunzi wa sekondari aliyemzoesha mbwa wa kwao kufuata kamba huwa amechangia jambo kubwa katika kuokoa maisha ya watoto wenzake.

Ulimwengu wa Mbwa

Ili kuelewa kwa nini mbwa huhitaji kuongozwa, yafaa kwanza tujue jinsi anavyoupokea ulimwengu. Pua ya mbwa ina chembe hai za kunusia zinazohesabiwa kwa mamia ya milioni, hali binadamu anazo milioni 5 au 6 tu. Masikio yake husikia sauti zenye mitetemo zaidi ya 40,000 kwa sekunde, ilhali mpaka wa sikio letu ni mitetemo 20,000. Kwa upande wa macho, mbwa hatofautishi vema nyekundu na kijani. Lakini kitu kinachokwenda hukiona upesi, hata katika mwanga hafifu. Basi pale mtu anapoona njia tupu, mbwa huwa amekwisha kupata habari za paa aliyepita usiku, za jike aliye katika joto ng'ambo ya bonde, na za sungura aliyejificha kichakani.

Kitu kikimbiacho huamsha ndani ya mbwa mfululizo wa vitendo alivyorithi kutoka kwa mababu zake wawindaji: kukazia macho, kunyatia, kukimbiza na kukamata. Mfululizo huo ukikwisha kuanza, sauti ya mwenye mbwa hupungua nguvu sana. Mbwa asiyeitika wakati huo si lazima awe mkaidi. Akili yake yote imeelekezwa kwenye kile anachokifukuza. Nacho chaweza kuwa swala, lakini chaweza pia kuwa mtoto atokaye shule mbio, mwendesha baiskeli, au mwana-kondoo aliyeachana na mama yake.

Tutazame hesabu yake. Mbwa mwenye afya na umbo la wastani aweza kukimbia kilometa 36 kwa saa kwa masafa mafupi. Mwendo huo ni sawa na meta 10 kwa sekunde. Ikiwa mwenyewe atatumia sekunde 3 kutambua hatari, kuvuta pumzi na kuita, mbwa atakuwa amekwisha kwenda meta 30. Aliyeshika kamba ya meta 2 hahitaji kushindana na hesabu hiyo, kwa sababu mbwa hawezi kuanza mbio hizo hata kidogo.

Kufunga si Kuongoza

Katika mazungumzo ya kila siku husema "kumfunga mbwa kamba" kwa maana mbili zilizo mbalimbali. Maana ya kwanza ni kumfunga mtini au langoni na kumwacha peke yake. Maana ya pili ni kumvisha mkanda shingoni na kutembea naye. Kwa mbwa mwenyewe mambo haya mawili hayafanani.

Mnyama aonaye hofu huwa na njia mbili za kujiokoa, kukimbia au kupigana. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja amenyimwa njia ya kwanza, hivyo hubakiwa na ya pili tu. Kila apitaye karibu humtisha, na kila akibweka mpita njia huenda zake. Mbwa hajui kwamba mtu yule alikuwa akienda zake tangu mwanzo; hujifunza kwamba ukali wake ndio uliomfukuza. Kesho yake hubweka zaidi. Siku mnyororo utakapokatika, au usiku anapofunguliwa, huwa tayari amejizoeza kumchukia kila mgeni.

Mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Denver, nchini Marekani, uliolinganisha mbwa waliouma watu na mbwa wasiouma. Ilionekana kwamba miongoni mwa waliouma, uwezekano wa kuwa ni mbwa wafungwao minyororo uani ulikuwa karibu mara 3 zaidi. Mwanafunzi wa sayansi hatakosa kuuliza: je, mnyororo ndio uliomfanya mbwa awe mkali, au ukali ndio uliomfanya afungwe? Swali hilo ni la haki, kwa maana mambo mawili yaendayo pamoja si lazima moja liwe chanzo cha jingine. Lakini lolote kati ya majibu hayo litakalokuwa kweli, jambo moja ni dhahiri: mnyororo haukuuponya ukali huo.

Kamba ya mkononi hufanya kazi tofauti. Mbwa hutembea, hunusa, huona watu, baiskeli, magari na mbuzi, naye yu karibu na mtu anayemwamini. Kidogo kidogo hujifunza kwamba vitu hivyo si adui. Wataalamu wa Kimarekani J. P. Scott na J. L. Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kuhusu urithi na tabia za mbwa, walionyesha kwamba kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12 baada ya kuzaliwa ndicho ambacho mtoto wa mbwa huamua, kama tuwezavyo kusema, ni viumbe gani wa jamii yake. Watoto wa mbwa waliolelewa mbali na watu hadi wiki ya 14 walibaki waoga, na ilikuwa shida hata kuwagusa. Samaki mkunje angali mbichi.

Ugonjwa Usafirio Katika Mate

Sasa tuingie katika sehemu iliyo nzito kuliko zote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Asia na Afrika. Karibu katika vifo vyote hivyo, yaani 99 kati ya kila 100, aliyeleta ugonjwa ni mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Ugonjwa huu husababishwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia jerahani, havisafiri katika damu kama vijidudu vya malaria, bali hufuata neva polepole kuelekea kwenye ubongo. Ndiyo maana aliyeumwa huweza kukaa muda mrefu bila dalili yoyote, kwa kawaida miezi 2 au 3, ingawa muda huo waweza kuwa wiki moja tu au ukafika mwaka. Jeraha la usoni au shingoni ni la hatari zaidi, kwa sababu safari ya kwenda ubongoni ni fupi. Watoto, kwa ufupi wa kimo chao, ndio waumwao mara nyingi sehemu hizo.

Dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na ni ya kutegemewa. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alisimamia uchanjaji wa Joseph Meister, kijana wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye hakuugua. Chanjo za leo ni salama na bora zaidi kuliko ile. Kila mwanafunzi akariri hatua hizi: jeraha lioshwe mara moja kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, aliyeumwa apelekwe hospitali siku ile ile, na chanjo alizopangiwa azimalize zote, hata kama jeraha limekwisha kupona. Sabuni hapa si ya kuondoa uchafu tu. Virusi hivi vimefunikwa na utando wenye mafuta, na sabuni huuvunja utando huo.

Kamba inahusikaje? Inahusika kwa njia tatu. Kwanza, mbwa aliyeshikwa hawezi kumfikia mpita njia kwa urahisi, wala hawezi kufikiwa kwa urahisi na mbwa mzururaji mwenye ugonjwa. Pili, mbwa aendaye na mtu ana mwenyewe ajulikanaye. Virusi huweza kuwamo katika mate siku chache kabla mbwa hajaonyesha dalili. Kwa hiyo mbwa aliyeuma hutengwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya siku hizo, inajulikana kwamba hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyouma. Mbwa mzururaji akiuma na kutokomea, nani atamchunguza? Njia ya tatu ndiyo kubwa kupita zote, nayo inastahili sehemu yake peke yake.

Hesabu ya 70

Kichaa cha mbwa hakikomeshwi kwa kuwaua mbwa ovyo. Mahali pa waliouawa hujazwa upesi na mbwa wageni na watoto waliozaliwa karibuni, ambao wote hawana kinga. Tena huenda waliouawa walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Kinachokomesha ugonjwa ni chanjo, na kiwango kinachoshauriwa ni mbwa 70 kati ya kila 100 kila mwaka. Je, hesabu hii imetoka wapi?

Uchunguzi uliofanywa Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa kati ya 1 na 2. Tuchukulie kwamba ni 1.5. Ili ugonjwa ufifie, kila mgonjwa yapasa aambukize chini ya mmoja. Sehemu ya mbwa inayohitaji kuwa na kinga ni 1 kutoa 1/1.5, yaani theluthi moja, au takriban mbwa 33 kati ya 100. Mbona basi tunaambiwa 70?

Sababu ni kwamba mbwa wa vijijini huishi muda mfupi, na wengine huzaliwa daima. Tuchukulie kijiji chenye mbwa 100, ambako mbwa 40 hufa kwa mwaka na nafasi zao kuchukuliwa na watoto 40 wasiochanjwa. Wakichanjwa mbwa 50, katika wale 40 watakaokufa 20 watakuwa wenye kinga, na mwisho wa mwaka watabaki wenye kinga 30 tu. Hao wako chini ya 33, na moto wa ugonjwa waweza kuwaka tena. Wakichanjwa 70, watakufa wenye kinga 28 na kubaki 42. Ugonjwa hautapata nafasi hadi chanjo ya mwaka unaofuata.

Kwamba hesabu hii si ya karatasini tu, imethibitika hapa hapa kwetu. Katika Wilaya ya Serengeti, Tanzania, kampeni za chanjo zilianza mwaka 1996, zikawafikia mbwa wapatao 65 kati ya kila 100. Visa vya kichaa miongoni mwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya kampeni ya pili. Idadi ya watu walioumwa nayo ikashuka. Katika kisiwa cha Pemba, chanjo zilizorudiwa zilikata mnyororo wa ugonjwa mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi kwa kuletwa kutoka nje, watu wakafa. Chanjo zikafanywa upya, na mwaka 2018 ukakomeshwa tena. Kisiwa hicho kinatufundisha mambo mawili: kwamba kichaa chaweza kutokomezwa Afrika, na kwamba mbwa mmoja anayesafirishwa bila kuchanjwa aweza kuharibu kazi ya miaka.

Hapa ndipo kamba inaporudi. Siku ya chanjo, wahudumu wa mifugo hukaa mahali pamoja, penye kivuli cha mti au uwanja wa shule, na kungoja watu walete mbwa wao. Mara nyingi wanaowaleta ni watoto. Lakini mbwa ambaye maisha yake yote hajawahi kushikwa hakubali kamba kwa siku moja. Hung'ata kamba, hulala chini, huponyoka, au humtisha hata mwenyewe. Basi huachwa nyumbani, na katika daftari la mhudumu huwa hayupo. Mbwa wa namna hiyo wakizidi 30 katika kila 100, kampeni haiwezi kufikia lengo, hata kama chanjo zimejaa sanduku la barafu. Kumzoesha mbwa kamba mapema ni sehemu ya chanjo yenyewe.

Malishoni na Porini

Wafugaji wanajua hasara ya mbwa aliyeingia zizini. Hata asipomrarua kondoo, huwafukuza mpaka wakavunjika miguu, na jike mwenye mimba aweza kuitoa kwa fadhaa. Nchini Uingereza sheria ya kulinda mifugo dhidi ya mbwa ilitungwa mwaka 1953. Sheria nyingine ya huko, ya mwaka 2000, yataka mbwa apitaye katika mbuga zilizofunguliwa kwa umma ashikwe kwa kamba isiyozidi meta 2 kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, ambao ni msimu wa ndege wanaotaga ardhini. Na karibu na mifugo ashikwe wakati wowote. Sheria hiyo imejengwa juu ya kalenda ya viumbe wenyewe. Kwetu sisi kwale na kanga nao hutaga ardhini, na kuzaa kwao hufuata zaidi mvua. Mwalimu wa bayolojia na wanafunzi wake wanaweza kuitengeneza kalenda ya mahali pao.

Iko hatari nyingine isiyoonekana. Mbwa alaye maini na mapafu mabichi yenye uvimbe wa maji, hasa karibu na machinjio, huweza kupata mnyoo mdogo wa jamii ya tegu uitwao Echinococcus granulosus. Mayai ya mnyoo huyo hutoka na kinyesi cha mbwa, huingia katika majani na maji, na mtu akiyameza huota uvimbe mkubwa katika ini au mapafu. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu umewahi kuonekana kwa kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti. Mbwa anayeongozwa hafiki kwenye jalala la machinjio, na kinyesi chake mwenyewe aweza kukifukia.

Wanyamapori nao wana haki yao. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa jamii ya mbwa, uliwaua takriban simba 1,000 wa eneo la Serengeti, yaani theluthi moja ya simba wote wa huko. Virusi hivyo vilikuwamo katika mbwa wa vijiji vilivyo karibu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba mambo hayakuwa sahali: ukame uliotangulia ulikuwa umewadhoofisha nyati, wakajaa kupe, na simba waliowala wakapata vimelea vya damu vilivyozidisha makali ya distempa. Aidha wanyama wengine wa porini waliweza kuvisambaza virusi. Hata hivyo, mbwa asiyechanjwa na azururaye mpakani mwa hifadhi ni daraja la magonjwa, yawe ya kwenda porini au ya kurudi nyumbani.

Katika Msitu wa Karura mjini Nairobi, watu wameruhusiwa kutembea na mbwa kwa sharti la kuwashika kamba. Humo wamo mbega, pongo, funo na paa. Mbwa mmoja akimkurupusha funo mwenye mtoto, huenda asimkamate. Lakini mtoto huachwa peke yake na mama hupoteza nguvu alizozihitaji kwa kunyonyesha. Pwani, kiota cha kasa wa kijani huhitaji takriban siku 50 hadi 60 mchangani kabla mayai hayajaanguliwa. Pua ile tuliyoieleza hapo juu hukigundua kiota hicho, na makucha hukifukua kwa dakika chache.

Haki ya Jirani

Mwenye mbwa humjua mbwa wake, jirani hamjui. Kauli ya "usiogope, haumi" haimsaidii mtu aliyewahi kuumwa, wala mzee atembeaye na mkongojo ambaye kurukiwa tu kwaweza kumvunja nyonga. Kumjali mwenzako ni kuifupisha kamba kabla hajaomba, kukaa upande wa pili wa njia, na kumwacha apite kwa amani.

Katika miji ya mwambao, na popote wakaapo Waislamu, liko jambo jingine la kuheshimiwa. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo, kabla ya kuswalia. Mtu aliyetawadha akienda msikitini alfajiri hapaswi kurudishwa nyumbani na mbwa wa jirani. Wahenga walisema: ukicheza na mbwa, atakufuata hata msikitini. Aliyeshika kamba hafuatwi. Ni yeye ampangiaye mbwa mahali pa kufika.

Kwa muhtasari, mbwa ashikwe kamba barabarani na sokoni. Karibu na shule, misikiti, makanisa na zahanati. Mahali penye mifugo. Msituni na ufukweni. Jike anapokuwa katika joto. Na siku ya chanjo. Aweza kuachiliwa uani penye ua madhubuti, au mahali pa wazi ambapo hapana mtu wala mnyama na ambapo hakika huitika aitwapo. Na mbwa aliyebadilika tabia ghafla, akawa anadondosha mate, sauti imebadilika au taya imelegea, asishikwe wala kufuatwa na mtoto yeyote. Watu wakae mbali naye na bwana mifugo aitwe mara moja. Yako pia mazingira ambamo kamba hupaswa kuachwa: ng'ombe wenye ndama wakimjia mbwa kwa hasira, mwachie. Mbwa atakimbia upesi kuliko wao, nawe hutakanyagwa kwa ajili yake.

Namna ya Kumzoesha

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Mkanda wa shingoni uwe mpana na laini, wenye nafasi ya kupita vidole viwili kati yake na shingo. Waya na kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi, hivyo havifai. Kamba yenyewe iwe imara, ya urefu wa meta 1.5 hadi 2.

Kwa nini isiwe ndefu zaidi? Hesabu ya fizikia inajibu. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Mbwa wa kilo 25 akifika mwisho wa kamba fupi kwa kasi ya meta 2 kwa sekunde ana nishati ya jouli 50. Kamba ndefu ikimruhusu afikie meta 6 kwa sekunde, nishati hiyo ni jouli 450, yaani mara 9. Mshtuko huo wote huishia shingoni mwa mbwa na begani mwa aliyemshika.

Siku za kwanza mbwa avishwe mkanda tu, akiwa anakula au anacheza, mpaka ausahau. Kisha kamba ifungwe na kuachwa iburute chini, huku mtu akimwangalia isije ikanasa. Baada ya hapo ishikwe, mwendo uwe wa hatua chache, na kila anapofuata bila kuvuta apewe kipande kidogo cha ugali au dagaa. Akivuta, mtu asimame kimya. Kamba ikilegea, waendelee. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Nishani ya Nobel mwaka 1904, alionyesha jinsi mbwa anavyounganisha ishara na chakula kinachoifuata. Kanuni ya karibu na hiyo yatumika hapa: kitendo kinachofuatwa na faida hurudiwa. Kipigo huunganisha kamba na maumivu, na mbwa huyo siku ya chanjo ataikimbia kamba na mwenye kuishika. Dakika 10 kila siku zinatosha, na kwa mbwa mchanga kazi hii haichukui muda mrefu.

Kazi ya Darasani

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ifuatayo, ambayo haihitaji kumgusa mbwa yeyote. Kila mwanafunzi aulize katika nyumba 10 za jirani: wako mbwa wangapi, wakiwamo watoto wa mbwa, wangapi wamechanjwa katika miezi 12 iliyopita, na wangapi hukubali kuongozwa kwa kamba. Takwimu za darasa zima zijumlishwe na asilimia zipatikane. Kisha wanafunzi walinganishe: je, miongoni mwa mbwa wanaokubali kamba, waliochanjwa ni wengi kuliko miongoni mwa wasioikubali? Je, eneo lao limefikia 70? Iwapo halijafikia, wapige hesabu ni mbwa wangapi waliobaki, na matokeo yapelekwe kwa ofisa mifugo wa kata au wa wilaya, ambaye takwimu za namna hiyo humfaa katika kupanga idadi ya chanjo.

Kila mwaka tarehe 28 Septemba huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni nyingi za chanjo hufanywa karibu na tarehe hiyo. Mwanafunzi atakayeanza kumzoesha mbwa wa kwao mwezi Julai atakuwa na majuma ya kutosha. Siku ikifika, atavuka kijiji na mbwa wake kwa utulivu, atapanga foleni, atampatia sindano, na kurudi na cheti.